Kranberi na Chupa ya Asali ya Kabula

Juzi mlikuja watatu nyumbani kwangu Isevya, mkakaa kwenye kochi langu na makoti yenu meupe mmeyakunja mapajani, mkaanza kunitania. "Mama Kulwa, tumeipima ile kranberi yako unayotusimulia kila mara. Tumemwagia juisi yake kwenye sahani yenye E. coli, kesho yake wadudu wamejaa tele, wananawiri. Hamna kitu pale, Mama. Ni maji ya sukari." Mkagongeana viganja kama mmefunga goli. Mimi nikawamiminia chai, nikawaongezea na karanga, na mlipoondoka nikajifungia chumbani nikalia. Hamkujua, na mngejuaje? Basi leo nawaeleza, na nawaomba msicheke mpaka nimalize.

Kwanza niwasahihishe kazi, maana hata nikiwa na hasira mimi bado ni mwalimu wenu wa maabara. Mlipima kama kranberi inaua. Nani aliwaambia inaua? E. coli akiingia kwenye njia ya mkojo ana vinywele vyake, hamvioni kwa hadubini yenu ile, na kwa vinywele hivyo anang'ang'ania ukuta wa kibofu kama kupe kwenye kiwele cha ng'ombe. Mkojo unapita, yeye yuko palepale, anazaana. Sasa ndani ya lile tunda jekundu la nchi za baridi kuna kemikali, jina lake refu mpaka linachosha ulimi, proanthosianidini, nayo inavuruga ule ushikaji. Mdudu hafi. Anakosa pa kushika, anatoka na mkojo. Kwa mwanamke ambaye UTI inamrudia kila mara, inaweza kumpunguzia. Inaweza, nimesema. Kwa mjamzito hata hilo hatuna hakika nalo. Na mdudu akishashika, akaanza kupanda kwenda kwenye figo, hapo kranberi ni kinywaji tu kama chai hii ninayokunywa. Sahani yenu haina ukuta wa kibofu wala haina mkojo unaopita. Mlicheka bure.

Mimi kazi nilifundishwa na Mzee Hamisi, mtu wa Kwihara, mfupi, mkali, na koti lake lilikuwa safi kuliko la daktari. Zamani zile hatukuwa na vikopo vya plastiki vyenye mfuniko kama vyenu. Mgonjwa ukimwambia alete mkojo, anakwenda jikoni anatafuta chupa, na hapa Tabora chupa ya jikoni ni ya asali. Siku moja nikapokea mkojo wa mzee mmoja kutoka Puge. Sukari tulikuwa tunaipima kwa kuchemsha: unatia mkojo kwenye dawa ya bluu, unaweka kwenye moto, ikigeuka rangi ya tofali ujue sukari imezidi. Ule wa yule mzee uligeuka tofali kabla sijakaa vizuri. Nikaruka juu, nikaandika alama zote za kujumlisha nilizokuwa nazo. Mzee Hamisi akaichukua chupa, akapitisha kidole kwenye mdomo wa chupa, akanusa. "Binti," akasema, "mgonjwa wako hana kisukari. Ana mizinga."

Nilitaniwa kwa hilo mpaka nikazaa. Wengine walikuwa wananiamkia, "Dada Mizinga, hujambo?" Lakini nilijifunza. Uliza chupa imetoka wapi kabla hujauliza mkojo una nini. Na msijidanganye kwamba vijiti vyenu vya kuchovya vimeondoa tatizo hilo. Sukari ikizidi kwenye mkojo, kijiti kinaweza kukufichia usaha, ukamwambia mtu mgonjwa kwamba ni mzima. Mgonjwa aanze kukojoa chini kwanza, akinge wa katikati, aulete ungali na joto lake. Ukikaa kutwa nzima kwenye jua, waliokuwa wachache watakuwa wengi, na wewe utaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Sasa Kabula.

Kabula alikuwa mtoto wa kaka yangu, amebeba jina la mama yangu mzazi, kwa hiyo mimi nilikuwa namwita "mama" tangu akiwa ananyonya. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mcheshi, ana sauti ya kwaya, akicheka nyumba ya tatu wanasikia. Aliolewa kijiji kimoja upande wa Ipole, na Masele, mtoto wa Mzee Shija. Masele alikuwa kwenye migodi huko kaskazini, anarudi kwa msimu. Kabula akabaki kwa wakwe, na mimba imeshaonekana, ya kwanza.

Mzee Shija ni mrina asali. Si wa kubahatisha. Watu wanatoka Sikonge kwenda kununua kwake, na akikwambia hii asali ni ya maua ya mti fulani, usibishe. Ni mtu mwema. Lakini mnajua kwetu mkamwana na baba mkwe wanavyoheshimiana mpaka inatisha. Mkamwana hampi mkwewe kitu mkono kwa mkono. Hamtazami usoni. Akitaka kumwambia jambo anapitia kwa mama mkwe, au anasema akiwa amepiga magoti, macho kwenye mkeka. Na neno lolote la chini ya kitovu halipiti kati yao hata nyumba ikiwaka moto.

Akanipigia simu. "Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama. Mbona sauti iko chini hivyo?"

"Niko nyuma ya bani, shangazi. Nikikojoa nawaka moto."

Bani ni lile jengo la kukaushia tumbaku, na ulikuwa msimu wake, nyumba nzima iko kazini kuanzia kukicha. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ilianza, ikaacha, imerudi. "Lakini natumia kranberi, shangazi. Si unaijua?"

Rafiki yake wa chuo yuko Dar es Salaam, anauza virutubisho mtandaoni. Alimtumia kopo la vidonge kwa basi, lina picha ya matunda mekundu yanapendeza kabisa. Ile mara ya kwanza alimeza, akanywa na maji mengi, maumivu yakaisha. Basi akaamini. Vidonge vilipokaribia kwisha akaanza kujipikia juisi ya rozela, akisema si ni nyekundu vilevile? Nikamwambia, Kabula, rangi siyo dawa. Rozela ni ua la mmea mwingine kabisa. Na hata hiyo kranberi yenyewe ni ya kumzuia mdudu asishike, wako ameshashika. Nenda zahanati leo, kojoa kwenye kikopo, upewe dawa.

Akashusha sauti zaidi. Kisha akasema, "Mhudumu pale ni wifi yangu. Nikimwambia asubuhi, mchana mama mkwe anajua. Masele hajarudi tangu tunapanda tumbaku, shangazi. Halafu mimi nawaka moto huko. Watasema nini?"

"Watasema una UTI."

"Watauliza nimeitoa kwa nani."

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri, nyie mnaokaa dirishani mnapokea sampuli. Mdudu yule anatoka kwenye utumbo wa mtu mwenyewe. Mjamzito anampata akiwa amelala peke yake na Biblia kifuani, kwa sababu mimba inabana njia, mkojo unatuama. Mimi najua, nyie mnajua. Kule kijijini kuwaka moto kuna maana moja tu, na maana hiyo inavunja ndoa. Kranberi haikumwuliza Kabula swali. Ukiulizwa, unasema ni vitamini za mtoto. Ndiyo sababu aliipenda, siyo kemikali yake.

Nilimgombeza, nikambembeleza. Njoo Tabora, nikasema, utalala kwangu. Atakuja, atakuja, bani likizimwa. Siku moja akapiga, anaongea kwa kukatakata, akaniambia ana baridi na mgongo unauma upande mmoja, hapa chini ya mbavu. Nikasimama. "Kabula, hiyo ni figo. Panda gari leo."

"Shangazi, baba mkwe anakuja mjini kesho kuuza nta. Nitakutumia mkojo. Nautia kwenye chupa ya asali, naufunga kwenye kanga, namwambia ni asali yako. Upime wewe mwenyewe. Ukiniambia ni mbaya, nakuja, naapa kwa kaburi la bibi."

Mkojo wa kusafiri kwa pikipiki kutoka Ipole mpaka Tabora juani, kwenye chupa ya asali! Mzee Hamisi angenifukuza kwa ufagio. Lakini nilikubali, maana ameapa, na mimi jibu langu nilikuwa nalo tayari hata kabla ya kuiona hiyo chupa. Ningempigia nimwambie ni mbaya sana, panda basi. Haijalishi ndani yake kuna nini. Nikamwambia tu, ili asishtuke, "Ichemshe chupa kwanza, mama, isije ikanipa kisukari cha mizinga." Akacheka kidogo. Ndicho kicheko chake cha mwisho nilichokisikia.

Kesho yake Mzee Shija hakufika. Jioni nikampigia Kabula. Akasema baba aliondoka asubuhi, kanga ameifunga mwenyewe nyuma ya pikipiki, labda amelala Sikonge kwa dada yake. Nikamwambia asimngoje mtu, aende zahanati, wifi aseme atakavyo. "Nasubiri majibu, shangazi," akasema. "Yakitoka tu nakuja." Asubuhi yake simu ikaita mpaka ikachoka. Nikavaa viatu, nikafunga mlango wa nyuma, nikatafuta pochi. Nikiwa uani nikasikia pikipiki.

Mzee Shija alishuka, amejaa vumbi, uso umemvimba kwa kuumwa na nyuki, na anatabasamu. "Mwangaluka, mkwe!" akaniamkia kwa lugha ya nyumbani. Mkononi ana ile kanga. Nikampa shikamoo, nikamnyang'anya kanga kabla hajamaliza kuitikia, nikaifungua palepale.

Chupa ilikuwamo, kama Kabula alivyosema. Ilikuwa na asali. Nzito, nyeusi kidogo, safi. Nikaigeuza kichwa chini miguu juu, na lile povu la hewa likapanda polepole, polepole, kama halitaki kufika.

"Umeona?" akasema kwa furaha. "Hiyo ndiyo asali ya kumletea mkwe. Mtoto yule ameuziwa uchafu, sijui na nani. Nilisimama njiani kuangalia kama kanga imekaza, nikaigeuza chupa kama hivyo ulivyofanya, povu likaruka juu fyuu! Maji matupu! Nikasema hapana, Shija apeleke asali ya kuchanganya na maji kwa wakwe zake? Wanione mwizi? Nikaimwaga pale barabarani, sikutaka hata kuinusa kwa hasira. Nikakata kona kuingia porini kwenye mizinga yangu, nikarina, nikalala kambini, leo ndiyo nimekuja."

Alisema yote hayo akiwa amesimama, anangoja nimsifu. Na alistahili sifa, wanangu. Kwa watu wa kule hakuna aibu kubwa kama kupeleka asali mbovu kwa wakwe. Alifanya kama alivyolelewa.

Kabula alikuwa ameniomba nisimwambie mzee kamwe. Nikamwambia. "Mzee, ile haikuwa asali. Ulikuwa mkojo wa Kabula. Anaumwa UTI, imepanda kwenye figo, aliogopa kukwambia. Alikuwa ananiletea nimpime."

Nilitegemea ageuze uso kwa neno lile. Hakugeuza. Aliitazama chupa mkononi mwangu, akasema taratibu, "Mkojo wa mwanangu. Mimi nimeumwaga." Kisha akavaa kofia yake ya pikipiki, akaivua tena, akasema, "Tafuta gari, mkwe. Gari, siyo basi."

Tulimkuta ndani, amefunikwa mablanketi, anatetemeka kitanda kinagonga ukuta. Mama mkwe alikuwa anampa dawa za malaria, maskini, homa ya kule yote ni malaria. Dereva akaogopa kumbeba. Mzee Shija akaingia mwenyewe chumbani kwa mkamwana wake, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani, akamnyanyua mikononi kama mtoto. Na Kabula, kichwa kimeshachanganyikiwa kwa homa, hajui leo ni siku gani, alipoona ni baba mkwe, alihangaika kuvuta kanga ajifunike uso. Hilo silisahau. Mpaka hapo bado alikuwa anamheshimu.

Kwenye gari alilala mapajani kwangu. Tukiwa tumeshapita Sikonge, ambako hospitali ilituambia tumkimbize Tabora, akafungua macho. "Shangazi," akasema, "majibu yametoka?"

Nikamwambia yametoka, mama. Ni kitu kidogo, tunakwenda kuchukua dawa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, hajapumua. Wa kiume. Wadudu walikuwa wameshaingia kwenye damu ya Kabula, na dripu zote mnazozijua alitundikiwa, na wauguzi walihangaika naye mpaka nikawaonea huruma. Alikufa mchana, jua liko juu, nje mtu anauza mahindi ya kuchoma. Nilikuwa nimemshika mguu. Sijui kwa nini mguu.

Tulipomzika na kurudi, nikapitia maabara ya hospitali, kwenye kiti changu cha zamani, kwa sababu mkojo wake ulikuwa umeoteshwa kwenye sahani na nilitaka kuona. Kijana wa zamu, mmoja wenu, hakujua ni wa nani, akanionyesha sahani kwa furaha ya kazi. E. coli mtupu, ameota vizuri sana. Na vidoadoa vyote vya dawa vimezungukwa na duara safi. Hakuwa sugu hata kidogo. Alikuwa mdudu mwoga, anakimbia kila dawa, mpaka ile ya bei ya chini inayokaa kwenye rafu ya zahanati yao kule kijijini, mkabala na shule aliyokuwa anafundisha. Wakati bado yuko kwenye kibofu, vidonge vile vingemaliza kazi. Nikaurudisha mfuniko wa sahani, nikamwambia kijana, umeotesha vizuri.

Ndiyo maana sikucheka nanyi. Mtu akiwajia dirishani na kopo la kranberi, msimcheke, na msimwambie ni maji ya sukari. Mwelezeni inachoweza na isichoweza. Halafu mpimeni. Halafu ongezeni swali moja ambalo halipo kwenye fomu zenu: mama, nyumbani umemwambia nani? Akisema hajamwambia mtu, huyo mshikeni, asitoke kabla hajapata dawa mkononi. Huyo anangoja majibu wakati mwili wake umeshajibu.

Nilirudi Ipole kwa arobaini. Jumapili ile tulikwenda kanisani, lile la Wamoravian, na Masele amekaa mbele yangu, mabega yameanguka, amerudi kutoka migodini kwa msiba. Wakati wa matangazo, baada ya habari za kwaya na michango, Mzee Shija akanyoosha mkono. Mchungaji akadhani anataka kushukuru kwa msiba. Akasimama, kofia mkononi, sauti yake ile ya porini haijui kunong'ona.

"Kesho asubuhi nakwenda hospitali Sikonge na pikipiki," akasema. "Nimenunua boksi la barafu na vikopo visafi, viko kwangu. Mwanamke yeyote mwenye mimba, au anayewaka moto akikojoa, aniletee mkojo wake niupeleke. Akitaka kwenda mwenyewe, nitambeba. Sitauliza kitu. Nimesema mkojo, mmesikia. Mke wa mwanangu amekufa kwa sababu neno hilo hakuweza kuniambia mimi."

Kijana mmoja nyuma akaguna kutaka kucheka, akafinywa. Wazee wakatazama sakafu. Mama mkwe akajifunika uso na kitenge, mabega yanatikisika. Tukaimba, tukatoka, watu wakaaga haraka kuliko kawaida, na mimi nikasema moyoni, wamemwona mzee amerukwa na akili kwa uchungu.

Kesho yake alfajiri nilikuwa uani kwake nafunga mizigo yangu. Mzee Shija alikuwa amekaa kwenye pikipiki, boksi liko nyuma, tupu, anaangalia barabara. Mlango wa nyumba ndogo ukafunguka, akatoka mke wa mdogo wake Masele, binti mdogo, ana mimba changa, hata sikuwa nimeijua. Mkononi alikuwa na kikopo. Hakukifunga kwenye kanga. Alivuka ua akipepesuka kwa woga, akasimama mbele ya baba mkwe wake, akapiga magoti kama kawaida, lakini uso akauinua.

"Baba," akasema, "huu ni mkojo wangu. Unaniuma."

Mzee Shija akashuka kwenye pikipiki, akaupokea kwa mikono miwili.